Wardah Asomea Uhifadhi

Mjambere, Kisauni
12 Juni 2025

Kwako mwanangu Wardah, kipande cha moyo wangu,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako na umekula, si ile tabia yako ya kusoma umesimama na kikombe mkononi. Sisi hapa sote tu wazima, na kwa kuwa wataka nikutajie mmoja mmoja, haya, shika. Babako mzima, wiki hii ana zamu ya usiku kule hotelini Bamburi, mchana alala, na akiamka la kwanza auliza, "Mtoto hajapiga simu?" Nyanyako mzima ila goti, goti ni lile lile, akusalimu sana na asema uvae soksi. Kakako Aqil mzima, tuktuk yake yenda Magongo siku hizi, arudi nguo zanuka moshi mpaka nazianika nje kwanza kabla ya kuzifua. Pascalia, jirani yetu muuza viazi karai, mzima, asema Yesu akulinde, nikamwambia nitaandika hivyo hivyo nisipunguze. Paka wako mzima, amezaa tena, haya hana.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yaniibia maneno. Nikisikia sauti yako nalia, nawe walia, salio laisha, hatujaambiana kitu. Kwenye karatasi naweza kuacha, nikageuza chungu, nikarudi. Tena mwalimu wetu wa ngumbaru atuhimiza tuandike watu wetu wa kweli, si zile sentensi za baba analima. Herufi zangu kubwa kama za watoto, usicheke. Barua nampa Aqil aipeleke stesheni ya basi na kikopo cha achari. Achari usiimalize siku moja.

Iddi Kubwa ilipita salama, tulipika pilau, sahani yako niliipakua nikaiweka mezani kama mjinga. Babako akaila.

Sasa nikuambie jambo la ajabu. Tangu nianze kuwaambia watu habari za masomo yako, watu wa hapa wamenibadilikia. Wajua lile jina la masomo yako ni refu, Uhifadhi wa Mazingira na nini nini, lile la mwisho hata silishiki, babako ndiye alilimeza lote. Basi mimi nikiulizwa nakata. Nasema, "Wardah yuko chuoni bara, asomea uhifadhi." Wallahi mwanangu, watu wasikia hilo wanishika mikono! Mwalimu Khatibu, yeye asiyeongea na wanawake njiani, alisimama pale penye duka la mkaa akasema, "Mama Aqil, Mwenyezi Mungu amekuchagua." Mimi machozi yakanitoka. Ijumaa akakutaja msikitini ukaombewa dua. Bi Mwanarusi naye, wamjua, mwaka mzima hakunijibu salamu kwa ajili ya yale maji ya taka yaliyopita mlangoni kwake, juzi ameniletea mkate wa sinia, moto, na sinia hakutaka nimrudishie siku hiyo hiyo. Kwenye harusi ya Mlaleo nimewekwa mbele, kwenye kiti chenye mto.

Mimi nilikuwa sijui watu wa Mjambere wapenda miti hivi. Nilidhani nitachekwa, maana mwenyewe nilitaka uwe nesi, nisifiche. Kumbe miti ina heshima yake.

Usiingie msituni peke yako. Ukiingia, sema bismillahi, na uvae viatu vilivyofunga. Kama kuna fisi huko usiniambie.

Niandikie upesi, nami nipate cha kumsomea babako.

Mamako, Mwanatumu


Chuoni, Bara
27 Juni 2025

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Waaleikum salaam warahmatullah. Mimi mzima, nimekula, na barua yako nimeisoma nimekaa. Nisalimie baba, mwambie nitapiga simu Ijumaa kabla hajaingia zamu. Nisalimie nyanya, mwambie soksi nimevaa mbili mbili. Nisalimie Aqil na umwambie avae kitambaa puani huko Magongo. Kwa Pascalia sema amina. Achari imekwisha siku mbili, nisamehe. Linda, mwenzangu wa chumbani, mtu wa Kitale, alikuwa hajawahi kuonja achari ya embe, na sasa auliza kila siku mama ataandika lini tena.

Herufi zako sikucheka. Nilimwonyesha Linda nikamwambia, huyu ndiye mama yangu, ameanza kusoma nikiwa kidato cha nne. Akaniuliza kama naweza kumwachia karatasi aiangalie tena.

Na mimi, mama, sikujua kama watu wa kwetu wataelewa. Niliondoka Mjambere nikifikiri mtaona nimekuja kusomea kupanda maua. Mwambie Mwalimu Khatibu asante kwa dua. Umenitia nguvu ambayo siwezi kukueleza.

Uliniuliza kwenye simu siku ile huwa twafanya nini, salio likaisha. Basi sikiliza. Wiki iliyopita tulilala msituni, usiogope, tulikuwa darasa zima na askari wa misitu wawili. Twafunga kamba ardhini iwe mraba, kisha kila kilichomo ndani ya kamba twakiandika, mti mkubwa, mche, uyoga, hata mavi ya swara. Shina twalizungushia utepe usawa wa kifua. Mwanzo niliona ni mchezo. Lakini ukishakaa ndani ya mraba wako toka asubuhi, waanza kuona. Nilihesabu miche nikakuta ya ile miti mikubwa haipo kabisa, wazee wapo, wanene, lakini watoto hawana. Mwalimu wetu, Bi Florence, akatuuliza kwa nini. Tukabahatisha weee. Mwisho akatuonyesha njia ya ng'ombe. Ng'ombe hula kila kinachochipuka. Msitu wasimama, wapendeza, na hauna mrithi. Mama, nilipoambiwa hilo nikaona kwa nini nimekuja huku.

Sasa jambo langu. Kuanzia Septemba tutakwenda kufanya kazi kwa vitendo hadi Disemba. Nimemwomba Bi Florence nije nyumbani, pale nyuma ya Junda palipokatwa mikoko mpaka pakabaki tope tupu. Nataka tuanzishe kitalu cha miche pale ufukweni na kuipanda upya. Amekubali, ila kwa sharti moja. Asema kazi ya mikoko bila wanawake wa pale ni kupanda leo na kung'olewa kesho, maana wao ndio watafutao kuni. Kina mama wa Mjambere wakikubali kufanya kazi nami, nakuja. Wasipokubali, nitapelekwa na wenzangu kwenye msitu mmoja mbali huku huku bara, na sitakuja mpaka mwaka uishe.

Mama, umenifungulia mlango bila kujua. Watu wakupa viti vyenye mito! Waombe. Anza na Bi Mwanarusi, yeye ndiye mkubwa wa kikundi cha maulidi na akisema kitu kina mama hufuata. Ni mwaka sasa sijakuona.

Nasubiri kwa hamu.

Mwanao, Wardah


Mjambere, Kisauni
28 Julai 2025

Kwako mwanangu Wardah,

Assalamu aleikum. Tu wazima. Babako mzima. Nyanyako mzima, goti limeshuka kidogo, ameacha kulipaka yale mafuta. Aqil mzima. Pascalia akusalimu. Vitoto vya paka tumegawa.

Nimechelewa kukujibu, najua. Kulikuwa na mvua. Kisha kalamu ikapotea. Kisha babako akapata homa, si mbaya, usishtuke, amepona.

Barua yako nilimsomea babako mara mbili, pale penye msitu usio na mrithi akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Kisha akasema, "Huyu mtoto asema mambo makubwa." Akatoka nje akaenda kuutazama mlimau wetu. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa akiupapasa shina, usawa wa kifua. Mimi sijapata kuona babako akigusa mti pasipo na limau la kuchuma.

Sasa hilo la kina mama. Nilikwenda kwa Bi Mwanarusi kama ulivyosema. Nilivaa buibui langu jipya. Tukaanza vizuri, akanipa kahawa, na kabla sijafungua mdomo yeye akaniwahi. Akasema, "Mwaka huu maulidi yetu ya mfungo sita tumetafuta mtu wa kuyafungua, na kina mama wote wamekubaliana ni Wardah." Kisha akaniuliza umefika juzuu ya ngapi.

Nikasema unaendelea vizuri, alhamdulillahi.

Basi. Nikanywa kahawa nikarudi nyumbani.

Nimefikiri sana mwanangu. Waonaje ukienda huko huko bara na wenzako? Huko kuna hewa safi. Junda kuna tope na mbu, na watu wa huku ni watu wa maneno. Disemba si mbali. Mimi nitakuwa ninakuandikia. Nitakutumia achari vikopo viwili, kimoja cha Linda.

Usinipigie simu kwa hili, andika tu.

Mamako, Mwanatumu


Chuoni, Bara
6 Agosti 2025

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Nisalimie wote, baba na homa yake, nyanya, Aqil, Pascalia. Mimi mzima.

Hukutaka nikupigie, kwa hivyo nilimpigia Aqil. Usimgombeze, nilimbana. Mwanzo alicheka hata nikamsikia asimamisha tuktuk kando ya barabara. Akaniambia, "Weye hujui? Mjambere nzima yajua wewe ni hafidha. Watoto wa chuo cha Mwalimu Khatibu wakizembea huambiwa, muoneni Wardah, msahafu wote u kichwani."

Ndipo nikaielewa barua yako ya kwanza. Wardah yuko chuoni, asomea uhifadhi. Kwa watu wa kwetu chuo ni chuo, cha Qur'ani, na kuhifadhi ni kuhifadhi. Hukusema uongo hata neno moja. Nilicheka mpaka Linda akaja kunipiga mgongoni. Nilipomweleza akasema kwao mtu akisema asomea uhifadhi huulizwa kama atapewa bunduki ya kulinda wanyama.

Halafu usiku nikaisoma tena barua yako ya pili, na hapo sikucheka.

Mama, wewe ulinipakulia sahani ya Iddi nisiyekuwepo. Wewe ndiye unaniambia nikae bara? Kwa sababu gani? Kwa sababu wamekupa kiti mbele, na nikija watajua ni miti tu? Nieleze ukweli. Unanionea haya?

Mimi kusimama kwenye maulidi na kusoma nisichokijua siwezi, wala hungetaka. Yule Mwalimu Khatibu mwenyewe anajua chuoni kwake nilikuwa nikitoroka dirishani kwenda kukimbiza kaa. Nina Yasini nusu na sura fupi fupi. Aliyehifadhi kweli amefanya kazi ya miaka, na sitaki kuvaa nguo yake.

Lakini na mimi nimefanya kazi, mama. Nimejifunza sheria za ardhi na maji, nimejifunza kupima udongo, kupiga hesabu ya mti uliosimama bila kuuangusha, kukaa na wafugaji na wakulima waliokasirikiana mpaka wanywe chai pamoja. Juzi Bi Florence alituuliza darasani ni nani alitufundisha kwanza kutotumia kitu kikaisha. Wenzangu walitaja vitabu. Mimi nilisimama nikasema, mama yangu, alipokuwa akichuma mchicha alikuwa akituchapa mkono tukivuta na mzizi, na kila mara alikuwa akiwacha shina moja lizae mbegu, hata siku ambayo chakula kilikuwa hicho tu. Bi Florence akaniambia nikamwambie mama asante.

Nimekwambia.

Anataka jibu kabla ya Agosti kwisha. Ukiniambia niende bara na wenzangu nitakwenda, sitakulaumu. Lakini uniambie kwa sababu ya kweli, si kwa sababu ya mbu.

Mwanao, Wardah


Mjambere, Kisauni
25 Agosti 2025

Kwako mwanangu Wardah, taa ya nyumba hii,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Babako mzima, amerudi zamu ya mchana, na hivi niandikavyo amekaa hapa pembeni ajifanya asoma gazeti. Nyanyako mzima, akuombea. Aqil mzima, nimemgombeza kidogo tu. Pascalia mzima, na utamsikia mbele. Sote twakutamani.

Barua yako niliisomea jikoni, mbaazi zikaungua mpaka chungu kikapasuka. Pale uliponiuliza kama nakuonea haya, nilikaa chini, sakafuni. Sikiliza mwanangu. Haya sina. Nilionja tamu, nikaogopa itatoka mdomoni. Mimi tangu utoto wangu ni wa kukaa nyuma, karibu na masufuria. Nikawekwa mbele nikaona, kumbe mbele kuna upepo. Na nilipojua wamesikia vingine, nikasema nikinyamaza kidogo haitadhuru. Kisha ukataka kuja, na mimi niliyekutamani nikakufungia mlango. Hiyo ndiyo sababu, si mbu.

Nilimwendea Pascalia karaini. Nikamwambia yote. Ageuza viazi, ageuza, kisha akaniuliza, "Mama Aqil, kwani huyo mtoto ameiba?" Nikasema hapana. "Ana mimba?" Nikamwambia astaghfirullahi, Pascalia! Akasema, "Basi mbona wamlilia? Nenda ukaseme kabla hao kina mama hawajashona sare." Maana kweli walikuwa wameshachagua kitambaa, rangi ya samli.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha maulidi kwa Bi Mwanarusi. Kina mama wamejaa mpaka barazani. Nikapewa kile kiti, nikakataa, nikabaki nimesimama. Bi Mwanarusi akasema, "Kaa, mama wa hafidha." Nikasema, "Mwanangu si hafidha."

Mwanangu, waliokuwa wakinywa kahawa waliviweka vikombe chini.

Nikasema, "Mlisikia uhifadhi mkadhani wa Qur'ani. Asomea uhifadhi wa mazingira. Miti, maji, udongo, wanyama. Niliposema sikuwa na nia mbaya, lakini nilipojua mmekosea nilinyamaza. Kunyamaza ndiko kosa, na ni kwangu, si kwa mtoto."

Bi Mwanarusi akaniangalia juu mpaka chini. Akasema, "Kwa hivyo mkate wangu wa sinia umeliwa na mamake mtunza bustani."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, nifanyeje. Mmoja akadakia huko nyuma, "Muulizeni amefika juzuu ya mkoko au ya mvinje!" Kicheko tena. Lakini wengine hawakucheka. Wawili waliinuka wakavaa viatu, na mmoja wao akaniambia nimelichezea jambo la dini. Nikamwomba radhi. Hakuitika.

Akaitwa Mwalimu Khatibu, akasimama nje ya pazia. Alipoelezwa, nilimsikia apumua. Akasema, "Mama Aqil, nimemtangaza juu ya mimbari. Wanifanya nini mbele ya watu?" Sauti ilikuwa ya kuumia, Wardah, si ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nikasema, "Nisamehe mwalimu." Kisha akauliza, "Wardah huyu ni yule wa dirishani? Wa kaa?" Nikasema, "Ndiye." Basi tukasikia mtu acheka kule nje peke yake, acheka mpaka akohoa. Akasema, "Basi mjinga ni mimi. Yule hata kwa alifu alikuwa hatulii. Nilipoambiwa amehifadhi nilisema ni miujiza, nikafurahi nisiulize. Ijumaa nitasema nilisikia vibaya, nitasema mwenyewe."

Nilidhani yameisha nirudi nyumbani. Lakini Bi Mwanarusi si mtu wa kuacha mgeni aende na jambo mfukoni. Akasema, "Na hii miti yenu, ndiyo ile ya kuja kutukataza kuni? Mwanao atakuja kutushika hapa?" Na wenzake wakaanza kunung'unika, maana wajua yaliyowapata kina mama wa ng'ambo mikononi mwa watu wa misitu, mapanga yao yalichukuliwa.

Lakini barua yako ya mwezi wa sita nilikuwa nayo, nimeikunja kifuani. Nikasema, "Yeye mwenyewe ameandika. Ngoja niwasomee."

Mtu akasema, "Mama Aqil wajua kusoma?"

Nikaisoma. Polepole, kwa kidole. Nikasoma ile kamba ya mraba. Nikasoma msitu usio na mrithi. Nilikwama penye neno "tukabahatisha", nikarudi nyuma, nikalichukua kwa silabi kama tulivyofundishwa, likapita. Nikasoma pale usemapo kazi ya mikoko bila wanawake wa pale ni kupanda leo na kung'olewa kesho. Nilipomaliza Bi Mwanarusi akasema, "Soma tena pale anapotutaja sisi." Nikasoma tena.

Mwanangu, mimi nimekuzaa, nimekuogesha, nimekusuka nywele ukilia. Lakini siku hiyo nilikuwa nayasoma maneno yako mbele ya watu nami nayasikia kama ya mtu mkubwa nisiyemjua, mtu ambaye ningependa kukaa karibu naye nimsikilize. Nilijiona mdogo, na ilikuwa raha. Sijui kama itaeleweka nikisema hivi.

Bi Mwanarusi akasema kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Bahari ikijaa bamvua siku hizi maji yaingia mpaka jikoni kwangu. Zamani yalikuwa hayafiki. Nilipoolewa hapa, pale nyuma kulikuwa na giza la mikoko, hata mchana twaogopa kupita. Tukaikata, mimi pia nilikata." Akaniuliza, "Ikipandwa, maji yatarudi nyuma?"

Nikasema, "Sijui, Bi Mwanarusi. Mimi najua kusoma barua tu. Muulize mwenyewe akija."

Akasema, "Basi na aje."

Ndivyo alivyosema, kwa neno lake. Kina mama waliobaki wamekubali, na wale wawili nitawaendea nyumbani kwao, mmoja mmoja, nitakaa mpaka waitike. Pascalia asema yeye ataleta kina mama wa kanisani kwake, hata kama hakualikwa. Maulidi yatafunguliwa na binti wa Mwalimu Khatibu, yeye kahifadhi kweli, na kitambaa cha samli wamekubali kubaki nacho.

Mwambie huyo Bi Florence kwamba tumekubali. Umwambie leo, usingoje kesho, wasije wakakuandika safari ya huko mbali. Babako ameshaweka gazeti chini, auliza utafika na basi la asubuhi au la jioni. Na kina mama waniuliza, na mimi sina cha kuwajibu, siku ya kwanza waje na majembe au waje mikono mitupu? Wavae nini miguuni? Watoto wachukuliwe au waachwe? Na Bi Mwanarusi ataka kujua la kwake, lile la maji na jiko, na mwambie ukweli hata kama ni hapana. Niandikie haraka mwanangu, au piga simu, mara hii sitalia. Wameshaanza kunigongea mlango kuuliza.

Mamako akupendaye, Mwanatumu